Sauti Uliyoifuta

Mutomo

Kwako Nzau,

Huku tuko salama. Mvua imegoma, lakini mbuzi wa mama wamezaa mapacha.

Nimeziona video zetu za kufundisha kuchomelea vyuma. Mimi nilichomelea nikieleza, uso wangu ukiwa nyuma ya kinga, wewe ukashika kamera, na tukaahidiana ndoa. Sasa sauti yangu umeifuta ukaweka yako, na watu wanakuita mwalimu. Nililia siku moja tu.

Kisha chuo kimoja cha Makindu kikaniomba niwarekodie masomo ya kuchomelea. Wakaniuliza, "Tumwite nani afundishe?"

Nikawaambia, "Mwiteni Nzau. Achomelee geti mbele ya wanafunzi."

Ulikuja na koti jipya. Hukunitambua nyuma ya kamera, kwa sababu sote tulivaa kinga za uso. Mimi nilikuona vizuri ukiizunguka mashine kama mtu aliyekutana na nyoka. Wanafunzi walipoanza kucheka, sikuzima kamera.

Video iko hewani tangu jana. Sauti sijaigusa. Ni yako yote, hata pale unaponong'ona, "Jamani, hii inawashwaje?"

Ni mimi, niliyekuwa wako,
Mwongeli