Kidole cha Naibu

Nyumbani,
Jumapili mchana.

Mpendwa Mama Mdogo,

Kabla hata sijakuuliza hali, nikuambie jambo ambalo hadi juzi Ijumaa sikuwa nimemwambia mtu yeyote: siwezi kuwatofautisha mapacha wa dada. Kila mtu hapa huniuliza mimi huyu ni Bosi au Naibu, nami hujibu bila kupepesa macho. Kumbe naangalia shati tu.

Haya, hujambo? Miguu imeacha kuvimba? Na huyo mgeni wetu tumboni bado anakunyima usingizi? Sisi wazima. Mama kikohozi kimemwisha.

Wiki hii watoto wadogo walikuwa wakichanjwa surua na rubela pale shuleni kwetu. Dada alisisitiza wanawe wachanjwe kabla hujaja kututembelea, maana rubela ikimpata mjamzito humdhuru mtoto aliye tumboni. Alhamisi Bibi alimpeleka Bosi peke yake. Naibu alikuwa amelala, na Bibi hawezi kubeba wawili. Bosi akarudi na kidole kidogo kimepakwa wino, alama ya waliochanjwa.

Naibu alipouona wino ule alilia mpaka sauti ikakauka. Unamjua Bibi, mama yako: akipata mmoja, na mwenzake apate. Alichukua kalamu yangu ya shule akampaka na yeye. Amani ikarudi.

Ijumaa, siku ya mwisho, Bibi alimbeba mmoja akampeleka. Nesi akatazama kidole, akasema huyu tayari. Bibi alikuwa amewaogesha wote asubuhi, mashati yakachanganyika, hata hakuwa na hakika amembeba yupi. Akarudi zake.

Nilipotoka shule alinisimulia huku akicheka. Akaniambia nimwonyeshe Naibu. Nao mapacha walikuwa vifua wazi, wanagombea kifuniko cha sufuria.

"Bibi, mimi siwajui."

"Basi tumepotea sote, mjukuu wangu. Beba huyo, nibebe huyu."

Tulimkuta nesi anafunga boksi la barafu. Unanijua mimi, hata darasani sinyooshi mkono. Nilisimama mlangoni nikihema, kisha nikayasema yote kwa mkupuo, hata la kalamu.

"Bibi," nesi akasema, "kumbe tuna mfanyakazi mwenzetu wa kupaka wino."

Alilowesha pamba kwa spiriti akasugua vidole vyote viwili. Wino wa mtoto aliyekuwa mgongoni kwangu ukafutika wote; wa mwenzake ukabaki.

Nesi akafungua boksi tena. Nikampakata Naibu, nikamshika mkono hadi sindano ikatoka. Alipopakwa wino wa kweli alinyamaza.

Nilimbeba hadi nyumbani, nikamlaza, kisha nikaenda kumsubiri dada getini, nikamweleza kila kitu kabla Bibi hajamsimulia kwa namna yake.

Msalimie sana Baba Mdogo. Mama na Bibi wanakusalimu. Mungu akulinde wewe na huyo unayetuletea.

Akupendaye kila siku,
mwanao mpenda vitabu.