Alama za Kuuliza Mahali pa Majina

Jumatatu, 3 Oktoba 2016

Alama za kuuliza. Kompyuta ya ofisi hapa Malakia, Juba, imejaa alama za kuuliza. Kila jina ambalo mwalimu Fortunato, Ustaz kwetu, anaingiza kwa Kiarabu kule mtaa wa Gurei linatufikia hivi: ????? ????. Umri unaonekana. Mvulana au msichana, inaonekana. Jina la mtoto, na jina la mwenye nyumba anayemlea — hakuna!

Watoto waliopoteana na wazazi kwenye mapigano ya Julai, parokia yetu imewagawa kwa familia zake, nyumba zaidi ya arobaini. Nani yuko kwa nani, ni database tu inayojua. Nimebadilisha fonti. Nimezima, nimewasha. Halafu jenereta ikazima yenyewe.

Teresina amekuja tena. Anamtafuta mwanawe Gune, wa miaka miwili. Risasi zilipoanza alikuwa sokoni, mtoto kamwachia jirani, na jirani mpaka leo hajulikani aliko. Nimemwambia arudi Ijumaa. Akanishukuru. Ananishukuru nini sasa, jamani?

Jumanne, 4 Oktoba

Lokosang, karani wetu, anasema mimi si nilisoma kompyuta Eldoret, sasa nashindwa nini? Nimemkataza kabisa kubonyeza ‘save’. Akisevu hizo alama za kuuliza, jina la kweli limekwenda, hata nilie. Akasonya: “Mimi iko na watu hapa, Yangi. Kompyuta yako ingoje.”

Watu wenyewe ni bibi mmoja tu kutoka Nimule. Amekuja kuchukua mjukuu, Loro, wa miaka miwili. Hajawahi kumwona — mtoto alizaliwa Juba, wakati huo yeye alikuwa kambini Uganda. Mwanawe na mkewe walikufa Julai. Lokosang akaenda naye Gurei, wakampata. Angalau mmoja leo ameondoka na mtoto mgongoni.

Mimi bado niko na alama zangu.

Alhamisi, 6 Oktoba

Jana network hakuna, kutwa. Leo nimechoka kungoja, nikachukua boda hadi Gurei, matope mpaka magotini. Kwa Fortunato majina yako safi kabisa! Kwa hiyo seva ni nzima, hakuna kilichofutika. Kosa liko kwetu Malakia. Seva inatunza majina kwa UTF-8, inayobeba herufi za lugha zote. Programu yetu kila ikiingia inaiambia: nipe Latin-1, yaani herufi za Kizungu tu. Seva inatii. Herufi ya Kiarabu haina nafasi humo, basi badala yake inaletwa alama ya kuuliza. Siku zote hizi, kumbe ni mstari mmoja kwenye mipangilio!

Fortunato akanipa chai. Akauliza kwa unyonge kama yeye ndiye amekosea. Kiarabu ndicho alichosomeshwa Khartoum. Hapana, Ustaz. Kiarabu chako hakina kosa.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nimebadilisha mstari. Majina yametoka yote. Teresina alikuwa ameshakaa mlangoni. Kiarabu kinanishinda, basi Lokosang akasoma, pole pole, kidole kwenye skrini. Wavulana wa miaka miwili ni wawili. Loro, kwa Mama Teresa. Gune, kwa baba mmoja jina lake Albino.

Lokosang akaondoa kidole kwenye skrini. Albino ni jirani yake kule Gurei. Jumanne hakutazama kwenye orodha kama kuna mvulana mwingine wa umri huo. Alimjua wa kwa Albino tu. Ndiye aliyempa bibi.

Nilitaka kumpiga, kweli. Akasema aliona alama za kuuliza, na bibi analia mbele yake, angefanyaje? Ningemaliza Jumatatu, hili lisingetokea.

Nikapiga simu kwa dereva wa lori la bibi, namba anayo Lokosang. Wametoka leo asubuhi, wamesimama Nesitu, njia ya Nimule, wanangoja askari wa kusindikiza msafara. Akampa bibi simu. Bibi kafurahi: mtoto amekula vizuri, na tangu jana anamwita haboba, bibi yangu. Spika ilikuwa wazi. Teresina alisikia yote.

Teresina akanipokonya simu. “Mama, usipande gari. Tunakuja na mtoto wako.” Akakata.

Sasa tuko Gurei kwa Mama Teresa, anayemlea Loro, tunangoja boda ya pili, naandika kwenye goti. Teresina anamvalisha Loro viatu. Mtoto anarusha mguu, hataki, na yeye anambembeleza kwa sauti ya chini, kama wake. Ananiuliza tutamwambiaje yule mama.

Dereva amepiga. Askari wamefika, magari yanawashwa. Anasema yule bibi ameketi chini kando ya barabara, amemshika mtoto kwa mikono miwili. Hapandi, anaitazama njia ya kutoka Juba.