Soksi za Mama na Makumbusho ya Askari wa Miguu

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko kambini. Hujambo? Kifua kimepona kabisa? Sisi hatujambo, ila Bibi anasumbuliwa na goti na hataki daktari amguse. Mimi ninasoma kwa bidii.

Jana Mama alinipeleka kwenye makumbusho ya askari wa miguu. Alisema ni kwa faida ya masomo yangu, lakini alivaa gauni lake la kwendea harusini, kana kwamba tunakwenda kukutembelea wewe.

Nilidhani tutaona bunduki tu. Kumbe chumba kikubwa kuliko vyote ni cha buti! Nyingine visigino vimelika upande mmoja, nyingine bado zina alama za vidole vya wenyewe. Mlinzi wa chumba hicho, aliyewahi kuwa askari, alitueleza kwamba jioni askari hukagua miguu yake kwanza, chakula baadaye. Nikakuwaza sana.

Mama akamwambia kwa fahari kwamba yeye hukufumia soksi za sufu, nene, uzi mara mbili.

"Dada, ndani ya buti za kubana? Unamchuna ngozi kijana wa watu!"

"Mbona hajasema?"

"Amwambie nani? Wewe?"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikakatika, akasimama mbele ya kabati la kioo akiziangalia zile buti. Kaka, ungesema tu.

Wakati wa kurudi tulipita duka la nyuzi, lakini Mama hakuingia. "Sifumi tena kwa kukisia," alisema. "Mguu wa mwanangu nitaupima mwenyewe."

Uliandika kwamba mkataba wako unaisha mwezi ujao na huenda ukaongeza mwingine. Mama hawezi kukuomba, anaogopa kukuharibia kazi. Basi ninakuomba mimi. Sisemi uache jeshi. Njoo kwanza, ukae nasi hata siku chache, ndipo utie saini ukitaka. Nyumba imekuwa kimya mno, hata mimi siku hizi sipigi kelele.

Mama hajui kwamba nimekuandikia haya. Ukija, mwambie ni wewe uliyetaka.

Bibi anakusalimu, Shangazi mshonaji pia, na mdogo wetu Domo, ambaye tayari ameshadai kofia yako. Mungu akulinde kila unapokanyaga.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Kasuku