Mama Anakwenda Kuvutwa Uso

Jumamosi, 5 Julai 2025

Wallahi nitaandika kila kitu, hata cha kunitia aibu, kwa sababu hakuna mwingine ninayeruhusiwa kumwambia. Mama amenifunga mdomo.

Nina hasira!

Mama anataka kwenda Mombasa kupasuliwa uso. Haumwi. Anataka ngozi ivutwe nyuma, inayozidi ikatwe, kisha ishonwe. Baba ataambiwa ni meno. Na mimi nikiulizwa niseme meno. Nani alinifundisha kwamba mwongo hana dini? Yeye huyo huyo!

Yalianza arusini kwa Mamdogo Kadija, mwezi uliopita. Ukumbini wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa, Mama kajifukiza udi, kikuba cha asumini kifuani. Akaja mgeni mmoja wa upande wa bwana arusi, akamshika mkono. Hongera, bibi, mjukuu wako kapendeza. Mjukuu! Mamdogo ni mdogo wake, wamefuatana ziwa! Wanawake wakaangukiana kwa kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Nyanya wa bibi arusi huyoo!" Mama naye akacheka. Nikadhani yamekwisha.

Kumbe hayakwisha.

Jumanne, 8 Julai

Nilimuuliza: nje unavaa ninja, Mama, nani anauona huo uso? Hakugeuka kutoka kwenye kioo.

"Wasouona siwajali. Nawajali wauonao."

Kisha akaniita. "Ndoo hapa, mwanangu. Nivute." Akaniwekea vidole karibu na masikio yake. Nikavuta. Mashavu yakapanda, macho yakafunguka. "Tazama mato yangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya msichana. Alifurahi kweli! Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi, kwa sababu hata mimi niliona amependeza.

Nikamwambia ustadhi anasema tusibadilishe maumbile ya Mwenyezi Mungu.

"Ustadhi wako hajaitwa nyanya mbele ya watu."

Ijumaa, 11 Julai

Leo nesi wa hiyo kliniki alipiga simu ya video. Anaitwa Wamuyu, mpole, anacheka vizuri. Alipiga kwenye simu yangu kwa sababu simu ya Mama imepasuka kioo. Mimi nikashika, Mama akajibu.

Sigara? Hapana. Kisukari? Hapana. Presha?

"Sina, alhamdulillah. Mimi mzima."

Nusura niangushe simu! Mama ana presha tangu amzae mdogo wangu Faiz. Mwaka jana alianguka jikoni. Vidonge vya zahanati viko kabatini, hata havijafunguliwa — kila asubuhi anatafuna kitunguu saumu na kunywa mafuta ya habasoda, basi, anasema imeondoka.

Wamuyu akauliza tena, kuna dawa yoyote unayotumia, hata ya kienyeji? Hapana, mwanangu. Na bakuli la saumu liko pale pale kwenye goti lake!

Alipokata nikapiga kelele. Mama akasema saumu ni chakula, si dawa. Na kwamba Kadija kamwambia: wakisikia presha, hawakugusi.

Mamdogo Kadija! Yeye ndiye aliyeitafuta hiyo kliniki. Sitaki hata kumsalimu.

Jumamosi, 12 Julai

Sijala na Mama. Hakuuliza kwa nini.

Jumatatu, 14 Julai

Nimemuuliza Mwalimu Bochaberi baada ya kipindi cha Biolojia. Nikasema ni habari niliyoisoma, ya mwanamke anayetaka kuvutwa uso huku anaficha presha, saumu na mafuta ya habasoda. Alinitazama kidogo, halafu akachora uso nyuma ya daftari langu.

Kisu kinaanzia kwenye nywele, kinashuka mbele ya sikio, kinazunguka ndewe hadi nyuma. Si ngozi peke yake, hata misuli ya chini yake inakazwa. Mtu analazwa usingizi kwa saa kadhaa. Akiamka ana bandeji, labda na mpira mdogo wa kutoa damu. Uso unavimba, unakuwa na madoa kama wa aliyeanguka ngazini. Ganzi inaweza kukaa miezi. Mara chache mshipa wa fahamu unaumia, tabasamu linakwenda upande. Na umri hausimami — baada ya miaka ngozi itashuka tena.

Nikauliza, kwa hiyo ni ujinga? Akasema hapana, kutaka kupendeza si ujinga, ni uamuzi wa mtu mzima. Lakini asimfiche daktari. Presha ikipanda, damu inajaa chini ya ngozi, inaweza kuharibu uso au kumrudisha mtu chumba cha upasuaji usiku huo huo. Na hayo mafuta na saumu nyingi yanaweza kuzuia damu kuganda.

"Mwambie huyo uliyemsoma," akasema, "presha haimaanishi atafukuzwa. Inatulizwa kwanza."

Inatulizwa kwanza! Nilikimbia hadi nyumbani.

Mama alikuwa anapanga nguo. Nikamwambia yote. Akauliza huyo mwalimu wako alipasuliwa lini. Nikamwambia na ninja hutaifunga, Mama, kamba yake inapita juu ya mishono. Akasimama na kanga mkononi. Hilo hakuwa amelifikiria! Mpango wake wote ulikuwa huo: uvimbe na bandeji vikae ndani ya ninja, mtu asijue.

"Nishuke botini, pale jetini Mtangawanda, uso wazi? Na bandeji?"

Basi ngoja, nikasema. Ngoja utibiwe presha, uende ukijua.

Nikaona anafikiri. Wallahi alifikiri! Kisha akafunga begi. "Usinitie nuksi."

Alhamisi, 17 Julai

Kaondoka. Baba alimbebea begi mwenyewe mpaka kwenye gari la Mtangawanda, akapande boti. "Bi Lubna, wakikung'oa yote, nitakutafunia nyama." Mama akacheka ndani ya ninja. Wote wawili walicheka, mimi peke yangu nilitaka kulia.

Jioni Baba akaniuliza, ni jino gani hasa?

La nyuma, nikasema.

Nawachukia wote kwa leo.

Jumapili, 20 Julai

Upasuaji ni kesho asubuhi. Nimempigia Mama mara nyingi. Amepokea Mamdogo Kadija, aliyeko naye huko Mombasa: dada kalala, muache apumzike, na wewe soma vitabu vyako.

Namba ya Wamuyu ninayo. Nikimwambia, Mama atarudishwa atibiwe presha kwanza, na hatanisamehe. Nisipomwambia —

Siwezi hata kuimaliza hiyo sentensi.

Nimemwandikia Mama sasa hivi, na nanakili hapa:

"Mama, shikamoo. Baba sijamwambia. Sikukatazi tena, uso ni wako. Lakini mimi nakutaka wewe, hata wakikuita nyanya mji mzima. Ujumbe wa Wamuyu nimeshauandika, sijautuma. Je, unawaambia wewe kuhusu presha, au niwaambie mimi? Nijibu, Mama. Sasa hivi."