Asali Iliyonunua Kompyuta ya Peniel

Itigi,
Jumapili, baada ya ibada.

Dada yangu mpendwa Theodora,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza kuuma tangu uanze kulikanda kwa maji ya moto kama nilivyokuelekeza. Shemeji naye hajambo? Msalimie sana, umwambie yule kuku aliyetuletea hatujamchinja bado kwa sababu anataga vizuri kuliko wote niliowahi kufuga. Sisi huku Itigi hatujambo. Shemeji yako Petro bado yuko kwenye genge la kutengeneza reli, mgongo unamsumbua ila hataki kusema, mpaka umwone anavyoinuka kwenye kiti ndipo ujue. Mimi nipo na asali yangu pale stesheni. Mwaka huu nyuki wa vichakani wamefanya kazi kwelikweli, na wasafiri wakishaonja kidogo tu hawaulizi kwa mwingine.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Dada, simu yako hushikwa na shemeji, na shemeji akipokea huweka spika, Ulemo nzima inasikia. Jambo hili ni la wewe na mimi kwanza. Halafu umeniuliza mara kadhaa kile kitambaa ulichonifumia, cheupe chenye maua ya bluu pembeni, nimekitandika wapi, nami nikawa nakujibu kwamba mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika. Soma mpaka mwisho utaelewa.

Nianze na habari njema, maana ndiyo inayonijaza kifua. Mwanao Peniel ametengeneza kompyuta. Sisemi amenunua, nasema ametengeneza, kwa mikono yake, hapa kwenye meza yetu ya sebuleni, kipande kwa kipande. Tena si kompyuta ya kuchapia barua za serikali ya mtaa. Ni ya kuchezea gemu, zile za mpira ambazo ukitazama kwa mbali utadhani ni mechi ya kweli, mpaka jasho la wachezaji linaonekana. Mimi niliyeishia darasa la saba, tena kwa kurudia, nimezaa mtu wa namna hiyo. Utanivumilia nikijisifu, kwa kuwa hapa mtaani wameshanichoka.

Unajua tangu amalize ile diploma yake Dodoma alikaa hapa nyumbani akituma maombi ya kazi na kusubiri. Huku nyuma akasikia kuna mashindano ya gemu za mpira, watu wanacheza kila mmoja akiwa kwao kwa intaneti, na wanaofuzu wanaitwa Dodoma, ambako kuna timu inayochukua wachezaji na kuwalipa. Peniel alipokuwa chuoni alikuwa akiwafunga wavulana wote wa bweni la pili, hilo alilisema mwenyewe na mimi namwamini. Kilichokosekana ni mashine.

Petro hakutaka hata kusikia. Alisema hajawahi kuona mtu akila kwa kubonyeza vitufe. Binamu yake wa Manyoni ana gesti na alikuwa anatafuta msichana wa mapokezi, basi Petro akaona Mungu ameshajibu. Na jirani yetu Mazengo, ambaye yuko naye gengeni, akazidi kumtia maneno, akamwambia binti anayecheza mpira kwenye televisheni ataolewa na televisheni. Nilimwambia Mazengo kwamba afadhali televisheni, maana ukiichoka unaizima. Mwishowe tulikubaliana hivi: mimi nitoe hela ya asali, Peniel ajaribu bahati yake kwenye mashindano hayo, na mashine ikifa au yeye asipofuzu, anakwenda Manyoni bila kinyongo.

Sasa dada, hela ya asali unaijua ilivyo. Haikutosha kununua kompyuta ya namna hiyo iliyokwisha kuundwa, hata nusu yake haikufika. Ndipo Peniel akasema ataiunda mwenyewe. Alinikalisha mkekani akanifundisha, maana nilimwambia sitoi hela kwa kitu nisichokielewa. Kuna prosesa, hiyo ndiyo kichwa. Kuna ram, ambayo mimi nimeielewa kama meza ya kukatia mboga: ikiwa ndogo, ukigusa nyanya kitunguu kinaanguka. Kuna kadi ya grafiki inayochora wachezaji na nyasi, na hiyo ndiyo inayokula hela. Kuna bodi kubwa ambayo vyote hivyo vinapachikwa. Kumbe navyo vina ukoo wao: prosesa hii haikai kwenye bodi ile, hata uilazimishe. Na kuna pawa saplai, inayopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa wote kama mama anayepakua chakula.

Hapo ndipo nilipouona utu uzima wa mwanangu. Alisema watu wengi hukimbilia kadi kubwa halafu wanabana kwenye pawa saplai, na kwa umeme wetu huu unaopanda na kushuka, hiyo ni kuita moshi ndani ya nyumba. Kwa hiyo pawa saplai akanunua mpya, tena nzuri. Kadi akachukua iliyotumika. Prosesa akachukua ya toleo la nyuma ambayo bado ina nguvu, na monita ikawa ile yenye mkwaruzo pembeni ambayo kila mteja alikuwa akiipita. Vyote tulivipata Singida mjini, dukani kwa kijana Prashant. Prashant hakutuficha kitu. Ile kadi aliiwasha mbele yetu, akamwacha Peniel aitazame mpaka aridhike.

Tuligombana kwenye kasha tu. Mimi nilitaka lile la kioo lenye taa za rangi, ili mgeni akiingia ajue ameingia kwa watu. Peniel alisema taa hazifungi goli, akachagua kasha jeusi la bati lenye matundu matundu, baya kama jiko la mkaa. Nilinuna kidogo. Mwishoni nilimvuta Prashant pembeni, tukabadilishana dumu dogo la asali kwa feni moja inayowaka bluu. Hiyo feni ni yangu, dada. Kila mtu hapa anajua kwamba ni ya Mama Peniel.

Siku aliyoiwasha kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshika kanga yangu mdomoni. Ikanguruma kidogo, feni yangu ikawaka, na kwenye monita yakatokea maandishi meupe. Peniel akakaa chini sakafuni akacheka peke yake. Watu walikuja kuiona, hata Mazengo alikuja na kusimama mlangoni akisema amekuja kuazima jembe.

Kitu kimoja tu kilinikera, kile kitu kilikuwa uchi. Unajua sisi tulivyolelewa. Redio ina kitambaa chake, kochi lina chake, televisheni ina chake, hata thamosi. Mashine ya thamani kuliko vyote ikae wazi na vumbi hili la Itigi? Nikatoa kitambaa chako kutoka kabatini, nikaifunika juu, yale maua ya bluu yakaning'inia mbele kwa mpangilio. Ilipendeza sana. Peniel aliporudi akakitoa taratibu, akanieleza kwamba mashine hii inavuta hewa na kutoa joto, kwa hiyo isifunikwe kabisa. Nikamwahidi kwamba sitaifunika tena, na sikuifunika tena.

Basi ikaja Jumamosi ya mechi ya kwanza. Peniel alikuwa anaongoza. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ghafla mashine ikazima, puu, kama mtu amepuliza kibatari. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, kwa hiyo haukuwa umeme. Ilipokubali kuwaka tena, ameshahesabiwa kwamba amekimbia mechi. Waandaaji wakamwandikia kwamba imebaki nafasi moja tu, Jumamosi inayofuata. Petro alikwenda nje, nikamsikia anazungumza na binamu yake wa Manyoni.

Peniel akaifungua, akagusa kila waya, akachomoa kila kitu na kukipachika upya. Ikawaka, ikacheza muda, ikazima. Akasema dalili ni za pawa saplai. Dada, mimi nikasikia kwamba kile tulichokinunua kipya ndicho kibovu, nikawaka. Tulipanda basi na mashine tumeipakata kama mgonjwa, na nilipofika dukani sikusubiri hata kusalimiwa. Nilimwambia Prashant mbele ya wateja kwamba asali yangu haina maji, na yeye kumbe bidhaa zake zina maji. Peniel alikuwa ananivuta nguo. Prashant aliniamkia shikamoo kwanza, hilo lilinipunguza, akaiwasha mashine, akaipa gemu nzito, akaiacha mezani kwake mpaka mchana ukaisha. Haikuzima. Akasema tatizo liko nyumbani kwetu, tuangalie. Nilitoka pale nikiwa bado nimeinua pua.

Tulirudi. Usiku huo ilicheza vizuri kabisa, tukasema labda safari imeitengeneza. Asubuhi nikafagia, nikapanga sebule yangu kama kawaida, nikaenda stesheni. Niliporudi mchana nikamkuta Peniel ameegemeza kichwa mezani. Ilikuwa imezima tena. Alisema basi, atakwenda Manyoni. Alisema hakujua kuchagua, kwamba amechezea asali yangu na nguvu zangu, na diploma yake haina maana yoyote. Simu ilikuwa mkononi, anaandika ujumbe wa kujitoa mashindanoni.

Sasa dada, hapa ndipo ninapokuambia nilichokuwa nakificha. Niliahidi sitaifunika, na sikuifunika. Lakini sikuweza kuona lile bati linakaa juu ya mbao tupu. Kile kitambaa chako nilikikunja mara nne, kikawa kinene kizuri, nikakiweka chini yake, na maua kidogo yakachungulia mbele. Peniel alikuwa anaona maua yale kila siku, lakini mtoto aliyekulia kwenye nyumba yenye vitambaa kila mahali havioni tena. Tulipokwenda Singida nilikirudisha kabatini kisichafuke. Asubuhi ile nilipofagia nikakirudisha mahali pake.

Wakati mwanangu analia, nikasogea kuipangusa mashine, nikiwa sina la kufanya. Nikaiinua kidogo, nikashika kitambaa. Kilikuwa cha moto kama kimetoka kwenye pasi. Nikainama kuangalia chini ya kasha, na pale chini kuna tundu kubwa la mviringo, feni ya pawa saplai inavutia hewa hapo hapo, na nyuzi zako nyeupe zimenata kwenye wavu wake.

Nitakuambia ukweli, shetani alinipitia. Nilifikiri nikichomoe tu kimyakimya, mashine ipone, nami nibaki mama asiye na kosa. Hakuna ambaye angejua. Lakini yule mtoto alikuwa anasema hakujua kuchagua, na yeye alichagua vizuri kila kitu, hata lile bati baya. Nikakiweka kitambaa mapajani mwake, bado kina joto, nikamwambia aliyeizima ni mimi.

Alikitazama. Akanitazama. Nilidhani atanifokea, na ningestahili. Dada, alicheka mpaka akashuka kwenye kiti, na machozi yale yale yakiendelea kutoka. Petro aliporudi nilimweleza mwenyewe, nikiwa nimesimama. Akasema hata reli huwa wanaiachia nafasi kati ya chuma na chuma, kwa sababu jua likiwaka chuma kinataka mahali pa kwenda, ukikinyima kinapinda. Akaniuliza kwa nini sikumuuliza yeye mapema. Kisha akampigia binamu yake akamwambia atafute msichana mwingine.

Jana ilikuwa ile Jumamosi. Mashine iliwekwa juu ya vipande viwili vya mbao alivyovichonga Petro, ikacheza mwanzo mpaka mwisho. Peniel amefuzu, dada. Mwezi ujao anakwenda Dodoma. Mazengo alikuwepo, na bao la mwisho lilipoingia aliruka akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango, na jembe letu hajarudisha mpaka leo. Prashant nimempelekea asali na kumwomba radhi, tena mbele ya wateja, kama nilivyomtukana. Alisema nisijali, kwao rimoti ya televisheni bado iko ndani ya nailoni yake ya dukani na hakuna anayeruhusiwa kuivua.

Usikasirike kuhusu kitambaa. Nimekifua, hakikuungua, na Peniel amekiomba. Anasema atakwenda nacho Dodoma akitandike chini ya kibodi, mahali pasipo na feni, ili mama yake mkubwa awepo.

Wasalimie wote hapo Ulemo, hasa shemeji, na umsomee vile vipande vya kunisifu tu. Tunakungoja mwisho wa mwezi ufike umsindikize mwanao. Ukiingia sebuleni usidhani tumeibiwa. Petro amevua vitambaa vyote, hata cha ile redio ya marehemu baba yake ambayo hakuna aliyewahi kuigusa, anasema nayo ipumue. Mimi nimemwachia. Thamosi tu ndiyo nimekataa.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Joyce, Mama Peniel.