Kifuko cha Ovaroli na Siri ya Miaka Miwili

Jumapili, Ushirombo. Jua liliwaka asubuhi, kisha mawingu yakajikusanya mchana bila kudondosha hata tone. Ni saa kumi na moja jioni. Simu inateleza mkononi kwa jasho, kwa hiyo mtanisamehe kama herufi zitarukana.

Nianze na Alhamisi, maana yote yametokana na Alhamisi.

Mimi ni seremala. Huu ni mwaka wa pili nafanya kazi kwenye yadi ya mbao, tunapasua magogo kwa mashine kutengeneza matimba, zile nguzo ambazo wachimbaji wanazishusha kwenye mashimo yao ya dhahabu ili kuta zisiwaangukie. Alhamisi mchana kibanzi kiliruka kutoka kwenye mashine kikanichana mkono wa kushoto, kati ya kidole gumba na cha shahada. Jeraha dogo. Mtu mwingine angelinyonya, akatema, akaendelea na kazi.

Mimi nilikimbia.

Nilijificha nyuma ya rundo la mbao, nikachuchumaa, nikalibana kwa kofia yangu. Damu ikapita kofia. Nikaikunja kofia mara mbili nikabana tena, nikawa naangalia matone yanavyoingia kwenye mchanga na kutoweka. Nilikaa pale karibu dakika arobaini. Shabani, mwenzangu wa mashine moja, aliniita mara mbili.

"Masanja! Umeenda kujisaidia au umehama?"

Nikamjibu kwamba tumbo limechafuka. Uongo ulinitoka kirahisi, kama mtu anayetaja jina lake.

Sasa niandike jambo ambalo sijawahi kuliandika kwenye ukurasa huu, ingawa nimeshawasimulia mengi, hadi ugomvi wangu na kuku wa jirani. Miaka mitatu iliyopita nilipasuliwa moyo Dar es Salaam. Valvu moja, ule mlango mdogo wa damu ndani ya moyo, ilikuwa imeharibika tangu utotoni, wakaitoa, wakaniwekea ya bandia. Kila jioni nameza dawa ya kuzuia damu isigande kwenye hiyo valvu. Nikiacha dawa, naweza kufa. Nikimeza dawa, nikichanika, damu haikatiki kama ya watu wengine. Ndivyo ninavyoishi. Kila mwezi napanda basi kwenda Mwanza kupimwa damu, na kazini nasema nakwenda kumsalimia mama.

Mama yangu haishi Mwanza. Hajawahi hata kufika.

Mtu wa namna yangu hatakiwi kusimama mbele ya mashine ya kupasulia mbao. Daktari aliniambia hivyo bila kuzunguka. Lakini mimi sijui kazi nyingine, na nilipoomba nafasi kwa Mama Kulwa, mwenye yadi, aliniuliza swali moja tu: una afya? Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo sijawahi kuvua shati pale yadini, hata jua likichoma vipi, kwa sababu ya kovu la kifuani. Wenzangu wanadhani ni mambo ya dhehebu langu.

Ijumaa ndiyo iliyonivunja. Shabani aliona kitambaa nilichofunga mkononi, akanipa vidonge viwili vya diclofenac, vya kutuliza maumivu. "Meza kaka, utafanya kazi kwa raha." Dawa hizo kwangu ni hatari, zinaweza kunitoa damu tumboni. Ningekataa vipi bila kueleza? Nikavitia mdomoni mbele yake, nikanywa maji, nikageuka, nikavitemea kwenye maranda na kuyasogeza kwa buti. Nilipogeuka tena alikuwa ananiangalia kwa huruma, anafurahi kwamba amenisaidia.

Usiku sikula vizuri. Nikaamua kwamba kuanzia Jumatatu nitabeba huduma ya kwanza yangu mwenyewe, mwilini mwangu, iwe ndogo kiasi kwamba hakuna atakayeiona.

Jumamosi asubuhi niliupima mfuko wa kifuani wa ovaroli kwa futi yangu ya kazi. Sentimita kumi na mbili kwa kumi na nne. Nikaenda duka la dawa. Mama anayeuza pale akaniletea boksi jekundu kubwa la huduma ya kwanza.

"Hili ni la gari, trafiki hawatakusumbua," akasema.

"Nataka la mfukoni, mama."

Akanitazama, akaanza kulipunguza boksi pale pale kwenye kaunta. Pamba akaitoa, akasema inaacha nyuzi kwenye kidonda. Chupa ya spiriti akaitoa, itapasuka. Zikabaki pakiti nne za gozi, vile vitambaa laini vya kufunikia kidonda, bandeji moja ya kuvutika, plasta za vipande, glovu jozi moja na panadol, ili nikiumwa niwe na yangu ya kumeza. Nilipomtajia dawa ninayomeza kila jioni, warfarin, alisimamisha mikono.

"Basi sikiliza. Gozi juu ya kidonda, bana kwa nguvu, dakika kumi kamili, ukiangalia saa. Usiachie kuchungulia. Ukichungulia unaanza upya. Ikilowa, ongeza nyingine juu yake, usiitoe ya chini. Halafu hospitali. Na ukigonga kichwa, nenda hospitali hata kama huoni damu."

Kisha nikaandika kadi. Nilitumia herufi kubwa: NATUMIA WARFARIN. DAMU YANGU HAIKATIKI HARAKA. BANA KIDONDA. USINIPE DICLOFENAC WALA ASPIRINI. NIPELEKE HOSPITALI. Nikaipeleka steshenari ikafungwe plastiki, na yule binti akaanza kuisoma kwa sauti mbele ya watu wawili waliokuwa wanatoa kopi. Niliinyakua kadi mkononi mwake kabla hajafika mstari wa pili. Nikamwomba radhi, nikairudisha, nikasimama pale masikio yakiwa ya moto hadi mashine ilipoitema.

Nyumbani nilishona kifuko kwa kipande cha turubai. Vyote viliingia, kadi ikiwa mbele. Nikakitumbukiza kwenye ovaroli, nikajitazama kwenye kioo. Hakikuonekana. Nilifurahi kama nimemaliza kabati la bibi harusi.

Mke wangu, Mama Ester, alikuwa mlangoni. "Hebu jifunge," akasema.

"Nijifunge nini?"

"Jifunge mkono. Nione."

Nikatoa gozi, nikaiweka juu ya mkono wa kulia, nikaibana kwa kushoto. Sawa. Sasa bandeji. Ili niikunjue ilibidi niachie. Nikajaribu kwa meno. Ikadondoka sakafuni, ikajiviringisha hadi chini ya kitanda. Nikajaribu tena, nikafunga kitu kilichokuwa kinaning'inia kama soksi.

Hakucheka. "Na hapo hutoki damu, Baba Ester. Huna kizunguzungu. Nani kule kazini anajua?"

Nikaanza kuifungua ile bandeji.

"Nimekuuliza nani anajua."

"Hakuna."

Alikaa kitandani. Akasema tu, "Miaka miwili," akaenda jikoni. Nilisikia sufuria zikigongana kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Leo baada ya ibada nilikwenda kwa Shabani. Yeye ni mtu wa Tabora, alikuja huku kufuata dhahabu, shimo likamshinda, akaingia kwenye mbao. Nilimkuta anaosha pikipiki. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea. Nikatoa kifuko, nikakiweka kwenye benchi.

"Nataka unifunge mkono."

"Umeumia tena?"

"Hapana. Nataka ujifunze tu."

Akacheka, akapangusa mikono, akaketi. Nikamwonyesha. Gozi hapa, bana, dakika kumi, usiachie. Akatega muda kwenye simu yangu pale kwenye benchi, akaushika mkono wangu wa kulia. Mikono ya Shabani ni ya mtu anayebeba magogo, na alibana kwelikweli. Dakika ya kwanza na ya pili alitania, kwamba mkewe akituona atadhani tumeoana. Halafu akachoka kutania. Mkewe alikuwa ameenda kwa jirani na watoto, uani kulikuwa kimya kabisa. Yadini hakuna ukimya. Pale kuna mashine, kuna malori, watu wanapiga kelele siku nzima.

"Saa yako inapiga kelele kweli," akasema.

"Sina saa."

Akaangalia mkono wangu mmoja, akaangalia wa pili. Akainama, akasogeza sikio karibu na kifua changu, bila kuachia gozi. Tik, tik, tik. Aliinuka taratibu.

"Masanja. Hicho ni nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, Dar es Salaam, valvu ya bandia inayogonga kama saa, dawa ya jioni, Mwanza, Mama Kulwa na swali lake. Nilikuwa naongea huku nikiangalia pikipiki, povu linavyoteremka kwenye tairi. Nilipofika Alhamisi nyuma ya rundo la mbao, vidole vyake vilizidi kubana hadi nikaumia.

"Vile vidonge vya juzi?" akauliza.

"Nilivitema."

"Ulivitema. Mungu wangu. Mimi ningekuua. Ningekuua kwa mkono wangu huu, halafu nije msibani kwako, nikae nile wali."

"Hukujua."

"Ningejuaje?"

Simu ililia, dakika kumi zimekwisha. Hakuachia.

Nilidhani yameisha, kwamba atanihurumia, tuyamalize. Lakini alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuja polepole. "Wewe unajua mimi nasimama wapi pale? Mimi ndiye ninayepokea gogo upande wa pili na kukurudishia. Likikurudia, ni mimi niliyelisukuma. Miaka miwili umeniweka hapo, na hukuniuliza kama nataka."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Naapa. Miaka miwili nilikuwa nahesabu hatari kuwa ni yangu peke yangu.

"Kesho ile mashine siiwashi wewe ukiwa umesimama mbele yake," akasema. "Mwambie Mama Kulwa. Leo. Usipomwambia, namwambia mimi."

"Atanifukuza, Shabani."

"Labda."

Akaachia mkono wangu, akaokota simu yangu kwenye benchi, akanikabidhi. Alama za vidole vyake vinne zilikuwa zimebaki kwenye ngozi yangu.

Nikampigia Mama Kulwa pale pale, kabla sijapata nafasi ya kuogopa vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba Masanja. Vipi, Jumapili hii?"

Nikamweleza kwa kifupi, sauti inapanda na kushuka kama ya mvulana. Nilisikia vyombo, nilisikia mtoto akiambiwa atoke nje.

"Tangu lini?" akauliza.

"Kabla hujaniajiri."

"Nilikuuliza kama una afya."

"Ndiyo, mama. Nilikudanganya."

Shabani alikuwa amesimama, ameipa mgongo pikipiki, ananiangalia mdomo.

"Njoo kesho saa moja, kabla ya wengine," akasema Mama Kulwa. "Mashine usiiguse." Akakata. Nikamsimulia Shabani alivyosema, nikaondoka.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa narudia maneno hayo. Mashine usiiguse. Anayemfukuza mtu angejisumbua kumwambia asiguse mashine? Au ndivyo wanavyoanza? Kuna meza ya kupima na kuchora pale yadini, kuna kunoa misumeno, kuna kuhesabu matimba yanapopakiwa. Ningeweza. Lakini ninazijua hizo kazi, zina watu wake tayari.

Mama Ester alikuwa ananingoja nje, hata salamu hakunipa. "Amesemaje?"

Nikamwambia neno kwa neno.

"Kwa sauti gani?"

Nikajaribu kuigiza sauti ya Mama Kulwa. Nikajaribu mara ya pili, kwa ukali kidogo, halafu mara ya tatu kwa upole. Zote zilifanana na ukweli. Mke wangu alinishika bega, akasema nile kwanza.

Mnaonisoma, sijui kama kesho jioni nitakuwa na kazi. Ninachokijua ni kwamba leo, kwa mara ya kwanza tangu nirudi kutoka Dar es Salaam, kuna mtu asiye wa nyumbani kwangu anayejua jinsi ya kunishika nikianza kutoka damu. Najiuliza kwa nini niliogopa hilo kuliko nilivyoogopa kufa. Ninaona aibu tu, na uchovu mzuri mzuri, kama baada ya kushusha lori zima.

Wakati naandika mstari huo, ujumbe umeingia. Ni Shabani: *Nakupitia kesho asubuhi saa kumi na mbili na nusu. Usitangulie kwa Mama Kulwa peke yako.*

Nimeandika majibu matatu, nikayafuta yote. Mwishowe nimemtumia neno moja.

Njoo.