Nguvu Zangu Zimenifukuza Hospitali

Kasongo, siku ya ine. Mvua imepiga tangu asubuhi na mimi niko nachemka kuliko sufuria.

Naandika mwenyewe kwa simu, kidole kimoja. Masomo yangu yalikomea darasa la pili, lakini kwetu kijijini, Wamaza nzima, hakuna mutu aliyelima mupunga kunishinda. Hakuna. Waulizeni.

Sasa koo limefunga. Kansa, kwenye njia ya chakula. Bugali haupiti, wali haupiti. Uji peke yake, nao tunapigana.

Hospitali ya hapa iko madaktari wanaojaribu dawa mbili pamoja, kipimo kidogo, kwa wazee ambao mwili hauwezi kubeba ile dawa kali. Kama itasaidia, hawajui bado, walisema wazi. Nikakubali. Mutoto wangu anayekaa Kasongo akanitumia pikipiki, nikaja nimefungwa kitenge mugongoni mwa dereva, sasa nalala kwake.

Leo ndiyo siku ya maswali, waone nani ataingia. Na nani anauliza? Faida, muke wa mutoto wangu! Anafanya kazi pale.

«Baba, nani anakuogesha?»

Mbele ya watu! Kwetu, mukwe hata sahani moja hatuli naye. Nimwambie habari za kuogeshwa?

«Naoga mwenyewe. Na maji nachota mwenyewe mutoni.»

«Na kutembea, Baba?»

«Shamba nafika mbele ya jua kutoka.»

Akainamisha macho, akaandika. Nikanyanyuka kwenye kiti bila kushika kitu, meno nimeyauma.

Daktari, kijana wa kuzaliwa juzi, akacheka: «Muzee, wewe simba! Hii yetu ni ya wazaifu. Wewe uende Bukavu, kule iko dawa kali.»

Bukavu! Na barabara ile! Mutu anayeshindwa na uji!

Huyu daktari haoni mifupa? Na wanaume wamekwisha hospitali, mpaka mukwe ndiye aniulize? Lakini Faida ndiye ananichoma kabisa. Anajua nani ananiogesha. Ni mume wake, kila asubuhi, nyuma ya nyumba yao.

Alinyamaza kwa heshima.

Heshima gani hii ya kunizika?

Kesho narudi. Faida atoke nje, aingie mutu mwingine, hata akiwa mulevi. Nitamwambia: mimi siwezi kuchota maji tena. Mutoto wangu ananiogesha.

Nimejaribu kulisema neno hilo hapa chumbani, kwa sauti. Limetoka kama nagombana na mutu.

Nitalisema hivyo hivyo.